Njia Inayopita Chumbani Mwangu

Nilipowaambia nyumbani kwamba nataka kusoma shahada ya uzamili ya sheria ya mazingira, mama aliweka sufuria chini akaniuliza kama maana yake nitakuwa nakagua vyoo. Hakuwa ananitania. Kwenye shule zote nilizosoma, mazingira ni ufagio. Mwalimu wa zamu akisema kafanyeni mazingira, watoto wanajua ni kufagia na kuokota makaratasi, na anayechelewa anapewa eneo la nyuma ya vyoo. Sasa mtu amemaliza sheria chuo kikuu, amevaa joho, amepigwa picha ambayo mpaka leo iko ukutani juu ya redio, halafu arudi kwenye ufagio? Mama alimwonea huruma baba kuliko alivyonionea mimi.

Baba naye alikuwa na mpango wake. Ni fundi mwashi. Tulihamia Babati kutoka Singida wakati mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, kwa kuwa mkoa mpya unahitaji ofisi, na ofisi zinahitaji mtu wa kupanga tofali. Kuna kuta mjini alizozijenga kwa mikono yake, na baadaye akaingia humo humo amevua kofia kuulizia kiwanja. Kwa hesabu zake, mimi nilipaswa kusoma sheria ya madini. Mererani ya tanzanaiti iko mkoani kwetu, alisema, watu wanagombania mashimo kila siku, na mwanasheria wa mashimo hawezi kulala njaa. Nina hasira za karibu, lakini kwa baba huwa nazimeza. Bila baraka yake nisingeondoka. Hakuna sheria iliyonizuia, ni moyo tu ulikuwa hautaki.

Nilikuwa nashinda kwenye kibanda cha intaneti karibu na stendi, nasubiri kurasa zifunguke pole pole kutoka juu kwenda chini. Njia za kusoma nilizoziona zilikuwa tatu. Ningeweza kwenda Dar es Salaam, nifanye kazi mchana na kuingia darasani jioni, mazingira yakiwa somo moja katikati ya masomo mengi. Ningeweza kwenda Ulaya, kozi fupi ya sheria ya nishati na tabianchi, nikajifunze moshi wa viwanda ambavyo Babati hatuna. Au kulikuwa na chuo kimoja kusini mwa Afrika ambako ardhi, maji na wanyamapori vinasomwa pamoja. Huko madarasa ni machache, unaandika tasnifu ndefu chini ya msimamizi mmoja. Hicho ndicho kilichonivuta, na ndicho kilichonikwamisha, kwa sababu kilitaka mwombaji aje na swali lake la utafiti. Mada nilikuwa nazo tele. Swali sikuwa nalo hata moja. Niliandika "maendeleo endelevu" mpaka maneno yakawa kama uji usio na sukari, nikafuta.

Wakati huo baba alikuwa amepata kiwanja Nangara, pale pale mjini, upande wa Ziwa Babati, baada ya miaka ya kujengea wengine. Alichora nyumba ardhini kwa kijiti: hapa sebule, hapa chumba chake na mama, na mwishoni kabisa, dirisha likiangalia maji, chumba cha mwanasheria. Ndivyo alivyokiita. Msingi aliuanzia hapo.

Mama mmoja jirani, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alikuja akamsalimia, akasifia kazi, kisha akasema taratibu kwamba pale ni njia ya viboko. Wanapanda jioni kwenda kula majani, wanarudi ziwani kabla hapajapambazuka, na wamekuwa wakipita hapo tangu yeye hajaolewa. Baba alimshukuru akaendelea kupanga mawe. Mimi nilikuwa mkali zaidi yake. Nilisema kiwanja kimepimwa, mawe ya mipaka yapo, na sheria inakataza kujenga ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji, sisi tuko mbali na hapo. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Msingi mpya unamwagiliwa maji kila asubuhi ili usipasuke. Siku moja niliamka mapema nikafuatana na baba kumsaidia kubeba ndoo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa na mlima Kwaraa ulikuwa umefunikwa na wingu nusu nzima. Tulikuwa tumefika kwenye lundo la mchanga baba aliponishika mkono kwa nguvu. Nikafuata macho yake.

Kiboko alikuwa anateremka kutoka juu, amechelewa kurudi. Nilikuwa nimewaona viboko tangu tuhamie, kama kila mtu wa mji ule: masikio na pua juu ya maji, mbali, kitu cha kuonyesha wageni. Mzima, juu ya nchi kavu, sikuwahi. Sikujua kwamba mnyama mkubwa hivyo anaweza kutembea kimya hivyo. Nilisikia pumzi yake tu, na majani yakilala. Tulijibanza nyuma ya mchanga, na nilisahau hata kuogopa.

Akafika kwenye msingi wa chumba changu, akasimama. Alinusa mawe. Alisimama muda mrefu, ameinamisha kichwa, kama mzee aliyefika nyumbani akakuta kufuli si lake. Angeweza kupanda juu yake na kuuvunja, na sisi tusingefanya lolote. Badala yake aliufuata ukuta ule mfupi pembeni mpaka kona, akazunguka kona ya pili, akarudi mpaka upande wa pili wa chumba, mahali pale pale njia yake ilipoendelea. Hakukata kona hata kidogo. Kisha akateremka kwenye ukungu na maji yakampokea.

Neno mazingira nimelitamka tangu darasa la kwanza nikiwa na ufagio mkononi, na sikuwahi kusikia kilichomo ndani yake. Ni vitu vilivyokuzingira. Mlima ulikuwa nyuma yetu, ziwa mbele, na katikati njia ambayo miguu iliichimba kabla mkoa haujawa mkoa. Sisi wawili na ndoo zetu tulikuwa ndani ya hivyo vyote. Nilijiona mdogo, na nilifurahi kujiona mdogo. Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo.

Baba aligeuza ndoo akaikalia.

"Mama," alisema, maana ndivyo anavyoniita akiwa hana utani, "wewe ndiye mwanasheria. Hapa mwenye haki ni nani?"

Nilianza kama nilivyofundishwa. Sheria ya ardhi inamtambua yeye, aliyemilikishwa. Sheria ya wanyamapori inasema kiboko ni mali ya umma. Sheria ya mazingira inalinda mita sitini za ukingo, na njia ile ilikuwa imezipita mita hizo na kupanda mpaka kwenye majani. Kadiri nilivyoendelea, ndivyo sauti ilivyozidi kuninywea. Mwishowe nilimwambia sijui.

"Kuna chuo wanakofundisha hilo?"

Nilimwambia nadhani kipo. Alisimama akamwagilia msingi, wote, hadi wa chumba changu.

Jioni ile niliandika swali langu kwa pumzi moja: njia iliyotangulia kiwanja ni haki ya nani? Chuo cha kusini kilinikubali. Nilimweleza baba, akaitikia kwa kichwa, na hakuligusia tena. Wiki zilipita. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni na vumbi, na mimi nilikunja nguo na kuzikunjua, nikingoja neno moja tu.

Siku moja kabla ya safari alinipeleka Nangara. Nyumba ilikuwa imefika usawa wa madirisha. Chumba chake na mama kilikuwepo, sebule ilikuwepo. Mwishoni, upande wa ziwa, hapakuwa na kitu. Alikuwa ameng'oa msingi jiwe kwa jiwe, akasawazisha udongo, na juu ya udongo ule laini kulikuwa na nyayo pana, mpya, zimenyooka kuelekea majini.

Kwa kuwa sikutaka kulia mbele yake, nilimuuliza nikirudi nitalala wapi.

"Sebuleni," alisema. Akaniwekea mkono kichwani, mzito, mkavu kwa saruji. "Chumba chako nimemrudishia mwenyewe. Nenda kasome."