Meli ya Krismasi na Mama Nyuma ya Pazia

Aibu hii ni yangu, simkabidhi mtu mwingine aibebe, ila kabla sijaungama naomba nikasirike kwanza: ni mtu gani mwenye akili timamu anayeamua kwamba siku ya Krismasi, watu wameshiba na wamevaa nguo mpya, awaonyeshe kwenye televisheni meli ya angani iliyojaa abiria wenye kofia za sherehe, halafu aiangushe? Siku ya Krismasi! Kwa nini asingoje Januari, wakati sote tuna huzuni tayari?

Basi. Sisi ni watu wa Iyolwa, Tororo. Kijana wangu Okoth alikuwa amempata Nabwire, binti wa Kisamia kutoka Lumino, na siku hiyo watu wa binti walikuja kuliangalia boma letu kabla ya mazungumzo ya mahari. Okoth ana miaka thelathini na minane na wachumba wawili walikwisha kumponyoka, kwa hiyo asubuhi alinishika mkono akaniambia, "Baba, leo nakuomba kitu kimoja tu. Usiongee sana." (Niliudhika. Mimi, naongea sana?)

Kwa mila, mama wa msichana haketi chumba kimoja na kijana anayetaka kumwoa bintiye, kwa hiyo Mama Nabwire aliingia chumba cha ndani na mke wangu, pazia likashushwa, nasi wanaume tukabaki sebuleni na kaka wa Mama Nabwire, mzee Wandera, pamoja na televisheni ambayo Okoth aliileta kutoka Busia ili na sisi tuonekane watu. Majirani walijaa dirishani. Filamu ikaanza.

"Mzee, dada yangu huko ndani anasikia makelele tu," Wandera akasema. "Hao watu wanalia nini?"

Ni hapo nilipoharibu. Ningejibu "hata mimi sijui", leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilisoma mpaka kidato cha nne, na mnavijua vibanda vyetu vya video, jinsi yule mtafsiri anavyopayuka juu ya sauti ya filamu na watu wakamwona mkubwa kuliko mwigizaji mwenyewe; nikavuta kiti karibu na pazia nikasema, "Mama, tulia, mimi nitakutafsiria." Kwa Kiswahili, maana Kisamia sikijui na wao Kidhopadhola chetu hawakijui. Na Kiingereza? Nilikuwa nimemwona mara moja sokoni Lumino akiuza mihogo, gambuti miguuni, nikaamua mwenyewe kwamba hakijui. Sikumwuliza mtu.

Mwanzoni nilisema kweli: mawe ya angani yamegonga meli, injini imezima, inauangukia mji. Hayo hata kuku angeyaona. Lakini abiria wale wakaanza kuongea mbiombio, kupitia puani, ndani ya moshi, nami nikapotea kabisa, na badala ya kunyamaza nikaanza kutunga. Nahodha akainamisha kichwa, nikasema amelewa. Majirani wakacheka. Kisha akatokea mama mmoja mnene kwenye mlango wa chombo kidogo cha kuokolea watu, analia, anasukumana na wenzake, na kile kicheko kilikuwa kimeshanipanda kichwani, nikapaza sauti: "Huyu ni mama mkwe! Hakualikwa, alikuja kula tu, na uzito wake ndio unaoivuta meli chini! Wanamwambia ashuke!"

Dirisha zima likaangua kicheko. "Mzee, ongeza!" mtu akapiga kelele. Okoth alikuja kunikanyaga mguu, nami nikamwambia mbele za watu, "Niache, niko kazini." Wandera hakucheka, na hata hilo sikuliona.

"Chakula cha watoto nacho amekimaliza!" nikaongeza.

Ikatoka sauti nyuma ya pazia, ya polepole, sauti ya mtu aliyezoea darasa kunyamaza.

"Mzee. Huyo mama anatoa nafasi yake. Anasema, mimi nimeishi vya kutosha, mchukueni huyu mtoto. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini. Endelea kutafsiri, nakusikia."

Nikakirudisha kiti mahali pake.

Mama Nabwire hakula. Kuku aliyechinjwa kwa ajili yake na ugali wa wimbi vilirudi jikoni na mvuke wake, akatoka kwa mlango wa nyuma, na kwetu mkwe akiondoka bila kuonja chakula, amekwisha kujibu. Okoth aliizima televisheni filamu haijaisha, akaenda kukaa nyuma ya jiko na suti yake mpya. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Wiki nzima nilifoka. Nilimlaumu mwenye filamu, nikawalaumu majirani, nikamlaumu hata yeye (mtu anajua Kiingereza na ananyamaza, huo si mtego?). Mke wangu aliningoja nimalize, akauliza tu, "Baba Okoth, nani alikutuma?"

Nikapanda bodaboda mpaka Lumino, kuku kwapani, nikasimama nje ya mlango wake. Akaniuliza akiwa ndani, nyuma ya pazia lake mwenyewe:

"Ile filamu niliondoka kabla haijaisha. Mwisho ulikuwaje?"

Nilikuwa na mwisho tayari, mzuri, watu wote wameokoka na mama mnene amepewa zawadi. Nikaumeza.

"Sijui, Mwalimu. Hata katikati sikuelewa. Niliona haya kusema. Kosa ni langu, usimwadhibu Okoth."

Kuku akalia.

"Huyo kuku anaweza kuingia," akasema. "Wewe kaa hapo kwanza."

Nilikaa juani mpaka Nabwire akaniletea chai, amebana midomo asicheke, na hapo ndipo nilipojua kijana wangu atapata mke.

Alimpata. Krismasi iliyopita walikuja tena, televisheni ikaonyesha dunia nzima inapasuka (mnaona? hawajakoma!), na Mwalimu ndiye aliyetafsiri, nyuma ya pazia, nami nikasikiliza mikono magotini. Siku hizi nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, na neno hilo linanichoma ulimi kama pilipili, lakini nalisema. Ila yule aliyeiangusha meli siku ya Krismasi, huyo bado namtafuta.