Maharage na Kibuyu cha Bibi

Nilipokuwa mtoto wa kuchunga ndama kule Isingiro, zamani za Mwingereza, habari haikulala tumboni mwangu hata usiku mmoja.

Kwetu wafugaji, aliyekula maharage hakugusa maziwa mpaka kesho yake. Ukiyachanganya tumboni, ng'ombe anaumwa kiwele. Hata baba, aliyebatizwa na asiyekosa ibada, kwa hilo hakuwa na mzaha.

Asubuhi moja nikamkuta Bibi, mama yake baba, nyuma ya nyumba. Alikuwa ametoka kula maharage, ganda bado limeganda mdomoni, naye kainamia kibuyu chake cha maziwa.

"Mifupa inaniuma, mjukuu wangu. Inataka maziwa. Usiseme."

"Sisemi, Bibi."

Kufika mchana nilishamwambia shangazi. Na shangazi naye, moja kwa moja kwa baba! Siku ya tatu ng'ombe wetu mkubwa akatoa maziwa yenye damu. Baba akakitoa kibuyu cha Bibi ukutani. Tangu hapo Bibi hakuonja tena.

Mgongo ukazidi kujikunja. Mvua zilipokaribia, aliinama kuokota kuni, kijiti tu, si gogo, nikasikia paja likilia ko! kama tete kavu.

Shangazi akaninong'oneza, "Ng'ombe wanachukua chao."

Nilimpelekea uji kitandani. "Shikamoo, Bibi." Alinishika kifundo cha mkono, akakibinya.

"Mdomo huu! Mifupa yako itakuja kukuuliza."

Hakuyafikia mavuno.

Kwa woga niliacha maziwa kabisa. Nikala maharage kila siku, asipatikane wa kunisema. Wenzangu walinicheka, eti binti wa wafugaji anaishi kama mbuzi wa mkulima.

Juzi juzi, nami sasa ni bibi, nikikamua kanga niliyofua, kifundo kilekile kikalia ko! Daktari kijana akasema mifupa imekuwa myepesi, ninywe maziwa, niangalie nisianguke.

"Bibi, utotoni ulikunywa maziwa?" akaniuliza.

Nilicheka mpaka akadhani nimechanganyikiwa. Angemuuliza yule aliyelala Isingiro. Yeye alijua dawa yake bila kupimwa, mimi ndiye niliyemnyang'anya. Kama alinilaani au alinionya tu, mpaka leo sijui.

Sasa mke wa mwanangu huniwekea maharage na kikombe cha maziwa kwenye sinia moja. Nakunywa. Ila kwanza natazama mlangoni, kama hakuna mtoto.