Mguu wa Kulia

Madereva wenzake walimbandika jina la Mama Taratibu, na walikuwa na haki. Kwenye dashibodi ya gari lake ilisimama chupa ya maji isiyo na kifuniko, imejaa hadi shingoni. Abiria aliyepanda kwa mara ya kwanza hakuondoa macho pale, akingoja yamwagike. Hayakumwagika. Walisema huyu mama hata ukimpa trei ya mayai atafika nayo nzima, wakampa nyota tano, wakashuka.

Hawakujua kwamba maji yale hayakuwekwa kwa ajili yao. Yalikuwa mwalimu. Bosi wa Mama Taratibu hana sura wala ofisi, wala huwezi kumwendea asubuhi na shida yako ukamkuta anakunywa chai. Yumo ndani ya simu, kwenye programu inayogawa abiria, na simu hiyo husikia kila mtikisiko wa gari. Ukifunga breki kwa ghafla, anajua, na hapo hapo anakukata alama tatu. Kwa nini umefunga, hajui wala hana haja ya kujua. Alama zikishuka chini ya themanini unafungiwa wiki nzima. Zikishuka tena, akaunti imekufa, nenda kalime.

Wiki ya kufungiwa alikwisha kuionja. Mwendesha baiskeli alichomoka uchochoroni, Mama Taratibu akamfungia breki, mtu akasalimika, naye akajipongeza. Siku ya pili akafunga tena kumkwepa mbwa. Ya tatu alama zilikuwa chini ya themanini, hakungoja kuambiwa. Alikaa nyumbani siku saba akiosha gari lililo safi. Mume wake ni fundi cherehani ambaye macho yameanza kukataana na tundu la sindano, na wiki ile alishona kutwa bila kumlaumu, akipapasa uzi kwa ncha za vidole. Afadhali angemgombeza.

Ndipo ikaja chupa. Kifuniko alikitupa mwenyewe. Kila mguu wa kulia ulipokanyaga kwa pupa, maji yalimlowesha magoti. Baada ya miezi miwili magoti yalikuwa makavu, na alama zikatulia juu ya themanini, juu kidogo tu. Yeye ndiye hakutulia. Maji aliacha kuyanywa, maana kwenda chooni ni kukataa safari, na kukataa nako kunaandikwa. Akawa anaamka taya zinamuuma kwa kusaga meno. Simu ikilia sokoni, hata kama ni ya mtu mwingine, alipapasa yake.

"Mke wangu," mume wake alimwambia asubuhi moja, "usiku mguu wako unanisukuma. Tena taratibu, hata teke la heshima hunipigi."

Walicheka wote wawili. Lakini alipokuwa akivaa viatu alimaliza kucheka mapema, akabaki anautazama ule mguu.

Siku ya mambo yenyewe ilikuwa Alhamisi mchana, alama themanini na mbili. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu: breki moja, na kwaheri. Kiti cha mbele alikaa wifi yake, dada wa mume, ambaye mdomo wake haujawahi kuchukua likizo. Alikuwa amedandia gari hadi sokoni, na njia nzima aliitania ile chupa, akauliza kama ndiyo mkwe siku hizi, mbona inakaa mbele na kuheshimiwa kuliko yeye.

Karibu na soko bibi mmoja alishuka ukingoni mwa barabara na ndoo ya plastiki mkononi. Aligeuza uso. Macho yake na ya Mama Taratibu yakakutana. Hapa tusidanganyane: alimwona, na alimwona mapema. Mguu ukaenda kwenye breki bila kukawia, kisha ukakanyaga kama ulivyofunzwa, kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu kidogo tena. Gari likapunguza mwendo kwa adabu zote. Wifi akashika dashibodi kwa mikono miwili. Bampa ikaigonga ndoo, ndoo ikamsukuma bibi, naye akaketi chini kwenye lami kwa kishindo.

Watu walijaa, wakasema yao. Walimbeba bibi hadi zahanati, na daktari akamgeuza huku na huku, akasema ni michubuko na nyonga itauma wiki moja, mifupa ni mizima. Mama Taratibu alipiga magoti kando ya kitanda kuomba radhi. Bibi alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Mwanangu, tuliangaliana. Mbona hukusimama?"

"Nilikuwa nasimama, bibi."

"Ulikuwa unasimama," bibi alirudia polepole, kama mtu anayeonja kitu asichokijua.

Walimnunulia ndoo mpya, wakamrudisha kwake. Ile iliyopasuka ilibaki kwenye buti. Njiani wifi hakuitania tena chupa. Aliitazama tu. Maji yalikuwa hadi shingoni, halikupungua hata tone.

Simu ikalia. *Hongera! Siku thelathini bila breki ya ghafla. Umeongezewa alama mbili.*

Mama Taratibu aliegesha gari pembeni. Alimwambia wifi yake kweli yote: kwamba hakufanya makusudi, kwamba mguu haumsikilizi tena yeye, na kwamba kesho anaweza kuua mtu na kupongezwa. Aliogopa kufungiwa, akawaza yale macho ya mume wake. Lakini mguu wake mwenyewe aliuogopa zaidi.

Waliendesha hadi kwenye uwanja wa vumbi ambako wanafunzi wa udereva hujifunza kurudi nyuma, na ambako yeye mwenyewe alijifunzia. Muda ule hapakuwa na mtu. Wifi alishuka na ndoo iliyopasuka, akasimama pembeni kabisa, akairusha mbele ya gari.

Mara ya kwanza mguu ulikanyaga kwa adabu, na gari likaipanda ndoo. Mama Taratibu alilia kwa sauti, akarudi nyuma. Mara ya pili alikanyaga kama anayeua nyoka. Matairi yalipiga kelele, maji yakamrukia kifuani, chupa ikaangukia miguuni. Themanini na moja. Mara ya tatu simu ilichomoka mahali pake ikaenda chini ya kiti, na kutoka huko ikatoa ule mlio wa kufungiwa anaoujua.

Hakuinama kuitafuta. Ndoo ilikuwa imelala mbele ya bampa, safari hii haijaguswa. Alifuta uso kwa kiganja, akarudisha gari nyuma hadi mwisho wa uwanja, akateremsha kioo.

"Rusha tena, wifi."