Halbadiri ya Rubani

Silima wa Mtambile alikuwa na kesi na Mjerumani, na kesi yenyewe aliifungua mbele ya Mungu. Kule Libya, wakati wa vita, alipokuwa akiwabebea Waingereza madebe ya maji, ndege ya Kijerumani ilishuka chini kabisa ikawamiminia risasi. Kificho, waliyetoka naye kijiji kimoja, hakuinuka tena. Silima aliporudi Pemba alichinja mbuzi, akakusanya mashehe, ikasomwa Halbadiri, kisomo cha kuapiza, kumshitaki kwa Mungu rubani yule asiyemjua hata jina: aanguke kutoka huko huko juu.

Baadaye akapata kazi ya kufukuza ng'ombe kwenye uwanja wa ndege wa Chake. Mwaka 1959 ndege ndogo ya abiria ikaanza kuletwa na Kapteni Lenz, Mjerumani mwenye Kiswahili cha kuungaunga, mtu wa mzaha. Siku moja, kikombe cha kahawa aliyomiminiwa na Silima kikiwa mkononi, alijisimulia: alirusha ndege za vita Libya, akatunguliwa, akafungwa; vita vilipokwisha, kwao hakuna aliyemruhusu kurusha hata tiara, akaendesha lori la makaa mpaka alipopata kibarua hiki cha Afrika. Silima aliiweka birika chini. Tangu siku ile hakumpa mkono, wala hakumwuliza kitu. Aliogopa jibu.

Sasa Mwatum, mwanawe wa pekee, uchungu ulikuwa umemkaa tangu jana na mtoto hatoki. Daktari alisema apelekwe Unguja kupasuliwa, na rubani aliyekuja ni huyo huyo Lenz. Machela ilipoingizwa ndani ya ndege, Silima aliikumbuka ile Halbadiri yake. Halbadiri haina haraka, lakini haisahau; na ikimkuta mtu hewani, haibagui abiria wake.

Akamshika Lenz mkono wa shati. "Kapteni. Libya, penye kisima, watu weusi wanabeba maji. Ulikuwa wewe?"

Mzaha ulimtoka yule mtu usoni. "Sijui, Mzee. Nilipiga wengi. Kutoka juu sikuona sura."

Afadhali angekana. Mlangoni mwa ndege mke wa Silima, Bi Kazija, alikuwa keshaketi, kichwa cha Mwatum mapajani. "Babake Mwatum, wangoja n'ni? Ntoto afa huyu."

"Nimekusamehe," Silima alimwambia Lenz. "Mimi, na Kificho. Mungu shahidi."

Lenz hakuelewa yote. Aliitikia kwa kichwa, akapanda, na ndege ikakimbia mpaka ikaiacha ardhi.

Silima, aliyekosa nafasi ndani, akabaki peke yake, na hapo ndipo hofu ilipompanda hasa. Kusamehe kwa niaba ya maiti, nani kampa ruhusa? Na yeye mwenyewe, maneno yalitoka mdomoni tu; moyoni bado alimchukia mtu yule, tena sana. Mashehe wa kuitengua Halbadiri walikuwa mbali, Mtambile, na ndege ilikuwa tayari juu ya bahari. Alipiga magoti kwenye changarawe, akainua mikono, akaanza kumwombea Lenz asianguke, akimtaja kwa jina, akirudia kila aliposikia ulimi unakwenda bila moyo. Ng'ombe waliingia uwanjani, wakala majani pembeni yake, hakuwafukuza.