Mkaa Unaonata Mdomoni

Harufu ya mkaa uliolowa, ule unaofuka moshi kabla ya kukubali moto, bado hunirudisha mtaa wa Rwezamenyo, uani kwa bibi yangu. Tulimwita Nyogokuru. Siku hizi naishi karibu na makutano ya barabara ya Sonatubes, napikia gesi, na kazi yangu ni kupima mkaa kwenye karakana ya majiko. Kila nikipasua kipande na kukitazama kwa hadubini, nikaona vitundu vyake vilivyojaa tele, namkumbuka yeye.

Nyogokuru hakuwa na hadubini, alikuwa na mdomo. Alikigusisha kipande kwenye mdomo wa chini. Kikinata, kilikuwa na matundu mengi, basi kikawekwa kando kwa chai ya asubuhi. Kisiponata kilikuwa kizito, cha kupikia maharage. Majirani walimcheka kwa weusi uliobaki mdomoni, naye akawajibu kwamba ni rangi ya mdomo kutoka Paris.

Mama alikuwa akifuata vitenge Kampala, na siku ya kurudi kwake nilikuwa situlii. "Maharage ikiiva, mama iko hapa," Nyogokuru aliniambia kila safari, na kila safari ikawa kweli. Kwa akili zangu za kitoto, niliamini maharage ndiyo yanayomleta.

Jioni moja aliniachia nichague mkaa mwenyewe. Nikachagua vile vipande vilivyoning'ang'ania mdomoni kuliko vyote, ili maharage yaive upesi na basi la mama lifike kituoni Nyabugogo upesi. Aliona, akaniacha niwashe. Imbabura, jiko letu la bati, iliwaka kwa fujo, sufuria ikafurika povu, nami nikapiga makofi. Muda si muda pakabaki majivu, na maharage magumu kama changarawe. Nikaangua kilio, maana sasa mama hatafika tena.

"Ihangane, vumilia, mwana wangu," alisema. "Ile iko na matundu mengi, hewa inaingia mpaka ndani. Inawaka mbio, inaisha mbio. Sasa tuweke ile nzito."

Akapanga vipande vizito kimoja kimoja, akaketi karibu nami. Kila gari lilipopita barabarani, aliinua kichwa.

Mama aliingia amelowa mvua, maharage yakiwa bado. Tuliyatafuna hivyo hivyo, na sijapata kula matamu kama yale.

Kazini nimejifunza jinsi hewa inavyopenya kwenye vitundu, ikaugusa mkaa kila upande, nao ukageuka gesi upesi na kwisha upesi. Hilo nalieleza bila shida. Kilichonichukua miaka kukielewa ni kile kichwa kilichokuwa kikiinuka. Nyogokuru hakujua basi lingefika lini. Mama alikuwa binti yake, naye aliogopa kama mimi. Aliuchagua mkaa mzito ili moto usizimike kabla mtoto wake hajaingia.

Sasa wote wawili hawapo. Jana, wenzangu walipotoka kazini, niligusisha vipande mdomoni nikachagua visivyonata. Nikaviwasha, nikaketi kando ya moto, nikisikiliza magari.