Mwenye Meno Meupe

Katika harusi nyingi za Mwanza miaka ile, maharusi walifungua muziki kwa wimbo mmoja. Gitaa la Isabilo Jazz lilianza peke yake, taratibu, kisha sauti nzito ya Cleophace Rwehumbiza ikaingia:

*Uliponishika sikuwa tayari,*
*mkono wangu umebaki kwako.*
*Mama akiniuliza nimeuacha wapi,*
*nitasema kwako, mwenye meno meupe.*

Wapo walioapa kwamba wimbo ule alitungiwa msichana wa Kihaya aliyemkataa Cleophace. Wengine walisema ni mke wa mtu huko Ukerewe. Cleophace aliwaacha waamini walivyotaka. Sauti na gitaa vilikuwa vyake, ila maneno yalitoka kwa mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa Selina Malimi, mwanamke mfupi, asiye na maneno mengi, mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba cha Isabilo, kule ufukweni ukishapita Igogo. Kazi yake ilikuwa kuandika namba na alama kwenye marobota ya pamba kwa brashi na rangi nyeusi. Bendi ilikuwa mali ya kiwanda. Wanamuziki walifanya kazi siku za wiki na kupiga muziki Jumamosi. Cleophace mwenyewe alikuwa fundi umeme. Siku moja aliokota lebo ya robota, akaona nyuma yake Selina ameandika mistari ya kujiliwaza, na tangu hapo kila alipoishiwa maneno alimwendea.

Nyimbo zao zilisema jambo moja kwa wageni na jingine kwa wenyeji. "Mgeni wa Jumatano", ambao mji mzima uliudhani wa hawara, ulikuwa unausema umeme, uliofika kiwandani siku moja kwa wiki wakati wa mgawo. "Korongo" ulimsema msimamizi wa zamu, aliyezoea kusimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameukanyagia ukutani, akichunga nani anapumzika. Wafanyakazi walijua, wakacheka, wakacheza. Lakini maana ya ule wa meno meupe Selina hakumwambia hata Cleophace.

Mwaka 1987, msimu ulipopamba moto, kifuniko cha mashine namba tatu kiliondolewa. Msimamizi alisema kinachelewesha kazi, kwa kuwa kila pamba ilipokwama ilibidi kufungua nati nne. Alhamisi moja, saa nne asubuhi, mwendeshaji wake, Yakobo Ngosha, alinyoosha mkono kuondoa pamba iliyokwama, misumeno ya ndani ikamshika. Selina alikuwa hatua kumi kutoka pale, brashi mkononi. Aliyaona meno ya misumeno ile, pamba imenasa katikati yake, meupe kabisa, kabla hayajabadilika rangi.

Yakobo akiwa hospitali, hajapata fahamu, afisa utumishi, Bwana Chenge, alimwita Selina ofisini. Mezani palikuwa na karatasi iliyopigwa chapa. Ilisema Yakobo Ngosha alifika kazini akinuka pombe, akakiondoa kifuniko mwenyewe. Chini palibaki nafasi ya shahidi.

"Mimi sikumsikia akinuka pombe," Selina alisema.

"Ulikuwa mbali. Utajuaje?"

"Kama nilikuwa mbali, nashuhudia nini?"

Chenge alimtazama. "Una watoto wangapi, Selina?"

"Watatu."

"Na baba yao?"

Baba yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Chenge alilijua hilo vizuri, kwa kuwa ndiye aliyetoa gari la kiwanda kupeleka maiti Magu. Selina alichukua kalamu, akatia sahihi.

Yakobo alitoka hospitali bila mkono wa kulia. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani, akalalamika, akaambiwa yupo shahidi, na jina lake halitajwi. Mwishowe alipewa kazi ya kulinda geti, akatakiwa ashukuru. Mwaka uliofuata wimbo ukatoka. Selina aliuandika usiku mmoja bila kufuta neno. Alidhani angepata nafuu, lakini alipousikia ukipigwa kwenye harusi ya kwanza ilimbidi atoke nje.

Ikaja 1995. Serikali ilikuwa inauza mashirika yake moja baada ya jingine, na pale Isabilo walisubiriwa wanunuzi kutoka nje ya nchi. Mjini kulikuwa na kituo kipya cha redio, cha mtu binafsi, na siku hizo watu walikisikiliza kuliko walivyosikiliza majirani zao. Jumatano moja Cleophace alikuja mbio kwenye bohari la marobota, barua mkononi.

"Dada Selina, tunaitwa redioni! Jumamosi saa kumi alasiri, moja kwa moja hewani. Kipindi cha Kisa cha Wimbo. Wanamtaka mtunzi."

"Mtunzi ni wewe."

"Miaka yote hii nawadanganya watu. Mnunuzi akija hatataka bendi. Tusipojulikana sasa, tumekwisha. Njoo uwaambie mwenye meno meupe ni nani."

Selina aligeuza uso. Cleophace alimwona anavyotazama, akafuata macho yake hadi kwenye mlango wa ukumbi wa mashine. Taratibu uso wake ukabadilika.

"Si mwanamke," alisema.

"Si mwanamke."

Kesho yake Chenge alimwita. Sasa alikuwa meneja, lakini meza ilikuwa ileile.

"Nasikia mnakwenda kueleza maana za nyimbo. Ule wa meno meupe ni wa mapenzi, sivyo?"

"Watu wanasema hivyo."

"Nakuuliza wewe." Alingoja. Selina aliikazia macho ile meza, na hilo likamjibu. "Sikiliza. Wanunuzi wanaingia kiwandani Jumatatu. Jumamosi watakuwa hotelini, na kila meza pale ina redio. Sema mapenzi. Neno moja tu. Ukisema jingine, hutaondoka peke yako. Itaondoka bendi nzima, na yule wa getini."

Ijumaa baada ya zamu Selina alipanda njia ya mawe hadi nyumbani kwa Yakobo, Igogo. Alimkuta uani, amebana muhogo katikati ya magoti, anaumenya kwa mkono wa kushoto. Mkewe, Ng'washi, alikuwa anaanika dagaa juu ya jabali. Walimkaribisha, wakampa kigoda.

"Kaka Yakobo, nimekuja kusema jambo. Nikishalisema, ukinifukuza ni haki yako." Alimtazama usoni. "Yule shahidi aliyesema ulikuwa umelewa ni mimi."

Kisu kilisimama.

"Sema tena."

Alisema tena. Alieleza habari za nati nne, za karatasi, za Chenge, na za kesho redioni. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameamua asibakize kitu, akasema, "Na ule wimbo, wa meno meupe, unakusema wewe."

Yakobo hakuelewa mara moja. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayesoma, akiyapitia maneno aliyoyajua kwa miaka. "Mkono wangu umebaki kwako," alitamka, bila kuimba.

Aliyepandisha sauti alikuwa Ng'washi. "Wimbo huo nimeuimba humu ndani! Nimeuimba nikimfunga mume wangu vifungo vya shati. Na wewe ulikuwa unapita hapo njiani, unasikia, unatusalimu, unakwenda zako."

"Ndiyo, wifi."

"Usiniite wifi."

Yakobo alisimama. "Kesho utasema nini?"

"Ndicho kilichonileta. Nikisema mapenzi, utabaki getini. Nikisema kweli, watakutoa. Lakini kile kifuniko hakijarudishwa hadi leo, kaka. Mwezi ujao msimu unaanza, na pale kwenye namba tatu wamempanga Shimba."

Shimba walimfahamu wote. Mke wake alikuwa amejifungua juzi.

"Leo unaniuliza," Yakobo alisema. "Siku ya karatasi hukuniuliza."

"Ulikuwa hujapata fahamu."

"Na ulipotunga wimbo?"

Yakobo aliingia ndani, akafunga mlango. Selina aliendelea kukaa pale kigodani, akitumaini utafunguka, mpaka Ng'washi alipomwambia aende.

Chumba cha redio kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Mtangazaji alikuwa binti mchangamfu, Rachel.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Usiogope. Ongea tu kama uko nyumbani."

Upande wa pili wa kioo, nyuma ya fundi mitambo, mtu aliingia akavuta kiti. Alikuwa Chenge, amevaa suti. Hakuna aliyemzuia, kwa maana alijitambulisha kuwa ndiye mwenye bendi. Alikaa akamkazia Selina macho.

Taa nyekundu iliwaka. Mwanzo ulikwenda vizuri. Cleophace alieleza "Mgeni wa Jumatano" na Rachel akacheka hadi akasogea mbali na kipaza sauti. Cleophace alipofika kwenye "Korongo", alimficha msimamizi, akasema ni ndege tu. Kisha Rachel akafungua barua.

"Huyu anatuandikia kutoka Sengerema. Anasema mwezi ujao anaoa, na anataka kujua kabla ya siku yake, huyo mwenye meno meupe ni nani? Kaka Cleophace?"

Cleophace alifuta jasho. Alimtazama Chenge, akamtazama Selina. "Maneno ni ya dada," alisema, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. "Mwulizeni yeye."

Selina alisikia saa ya ukutani ikigonga. Kwenye kioo, Chenge alitikisa kichwa mara moja, polepole, kama mzazi anayemwonya mtoto ugenini. *Mapenzi*. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Ni mashine," alisema.

Rachel alitabasamu akidhani ni utani. "Mashine gani, mama?"

"Ya kuchambua pamba. Namba tatu, pale Isabilo. Ilikata mkono wa mtu kwa sababu kifuniko chake kiliondolewa kwa amri ya wakubwa. Aliyekatwa sitamtaja, hajaniruhusu. Nitamtaja aliyeandika uongo kwamba mtu huyo alikuwa mlevi. Anaitwa Selina Malimi. Ndiye mimi."

Chenge aliinuka, akaanza kugonga kioo kwa pete yake. Fundi mitambo aliweka kidole kwenye swichi, akamtazama Rachel. Tabasamu lilikuwa limemtoka Rachel, na mikono yake ilikuwa imebana meza, lakini alitikisa kichwa. Fundi akaondoa kidole.

"Kwa nini umeamua kusema leo?" Rachel aliuliza.

"Kwa sababu mashine ile bado iko wazi. Mwezi ujao kuna baba wa mtoto mchanga atasimama pale."

Jumapili Selina hakwenda kanisani. Aliogopa macho ya watu. Jumatatu alifika kazini mapema, akakuta wafanyakazi wamejazana nje ya geti, hakuna anayeingia. Yakobo alikuwa amesimama mbele ya lango, funguo kiunoni, na Chenge amemwinamia na karatasi mpya.

"Tia sahihi tu," Chenge alikuwa anasema kwa sauti ya chini. "Kwamba habari ile si ya kweli. Kazi yako inabaki, nakuahidi mbele ya hawa wote. Upesi, wageni wako njiani."

Yakobo aliipokea karatasi. Aliisoma yote, hana haraka, na gari la wageni likafika likasimama nyuma ya umati, likapiga honi. Alipomaliza aliinua kichwa.

"Ile ya kwanza iliandikwa nikiwa sina fahamu," alisema, na watu wa nyuma wakamsikia. "Hii nimeisoma mwenyewe."

Akaibana pembe ya karatasi kwa meno, akaichana kwa mkono wake mmoja. Kisha akageuka kuwatazama watu.

"Mkono uliokatwa ni wangu. Mimi Yakobo Ngosha. Sikuwa nimelewa."

Shimba ndiye aliyeketi chini kwanza, pale pale kwenye vumbi. Wengine wakaketi. Mmoja wa wageni, mhandisi, alishuka kwenye gari kuuliza kuna nini, akaelezwa, akaomba apelekwe kwenye namba tatu. Hawakujua alisema nini ndani, lakini kabla ya Ijumaa mafundi walikuwa wanafunga vifuniko kwenye mashine zote.

Wiki hiyohiyo Selina na Yakobo walipewa barua za kuachishwa kazi, na bendi ikavunjwa. Cleophace alirudi Bukoba na gitaa lake. Hakumlaumu Selina, wala hakumwandikia tena. Kiwanda kiliuzwa, na mnunuzi alimbakiza Chenge mwaka mmoja kabla ya kumwacha. Selina alihamia Mkuyuni, akaishi kwa kuandika vibao vya maduka.

Shauri la Yakobo lilifika ofisi ya kazi, likazunguka meza hadi meza kwa miaka miwili. Siku liliposikilizwa, Selina aliitwa kushuhudia. Alieleza yote tena, ile karatasi yenye sahihi yake ikiwa imewekwa mbele yake. Afisa aliyesikiliza aliifuta ile taarifa ya ulevi, akaamuru Yakobo apewe haki zake zote za kuumia kazini. Kabla ya kufunga jalada, afisa yule, mzee mpole, alimgeukia Yakobo akamwuliza kama amemsamehe shahidi.

"Hilo silo lililonileta hapa," Yakobo alijibu.

Selina alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa machozi, lakini si kwa jibu hilo. Baadaye aliwaambia wanawe kwamba lilimuuma, na kwamba alilala vizuri usiku ule kuliko usiku mwingine wowote tangu 1987.

Nje kulikuwa na mvua kubwa. Selina alijibanza kwenye kibaraza, na Yakobo na Ng'washi nao wakajibanza papo hapo, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Walisimama watatu wakitazama maji yakitiririka. Mvua ilipopungua, Ng'washi alijifunga kanga kichwani, akamtazama Selina.

"Unashukia wapi?" aliuliza.

"Mkuyuni."

"Basi njia ni moja," Ng'washi alisema, na akatangulia kushuka ngazi, mumewe nyuma yake, Selina hatua chache nyuma yao.