Chumvi Iliyosuuzwa Mara Tatu

Munira wa Mashewa alikuwa na sifa moja ambayo hata wasiompenda hawakumnyima: chumvi yake haikuwa na mchanga. Wenzake gulioni walimwaga chumvi ya mawe kama ilivyotoka guniani, na mlaji akajikuta anatafuna changarawe kwenye bada, ugali wa muhogo. Munira aliitia kikapuni, akaisuuza upesi kabla haijayeyuka, kisha akaitandaza juu ya turubai ipigwe jua kutwa nzima. Ilitoka nyeupe, kavu, ya kumwekea mgeni mezani. Miaka ishirini na mbili alifanya hivyo, na mtu angemwambia aache, angemwona ana kijicho.

Binti yake wa pekee, Shamimu, aliolewa Dindira, kule juu kwenye chai. Kila mwezi Munira alimpelekea kopo la chumvi. Ya wateja aliisuuza mara moja. Ya mwanawe, mara tatu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mimba ya kwanza ya Shamimu ilitoka. Ya pili nayo ikatoka. Watu hawakosi la kusema, wakamtaja wifi yake kwa uchawi, na Munira alikaribia kuamini kwa kuwa wifi mwenyewe ana ulimi. Ya tatu ilipotimiza miezi miwili alipanda Dindira kumtazama. Alimkuta binti amevaa sweta na khanga mbili juu yake, saa sita mchana, anasinzia huku anachambua maharage. Sauti ilikuwa inakwaruza. Binti alipofungua mtandio, shingo ilikuwa imefura kwa mbele. Munira aliogopa, na hofu ile haikumpa nafasi ya kufikiria waganga. Asubuhi yake waliteremka hospitali, Korogwe mjini.

Daktari Evodia, mama wa makamo asiye na haraka, alimpapasa Shamimu shingoni, akamwambia ameze mate, akaagiza damu ipimwe. Kisha akauliza nyumbani wanatumia chumvi gani. Munira hakumwachia binti ajibu. Alieleza kwa fahari yote: kikapu, maji, turubai, jua, na jinsi ya mwanawe isivyopita na chembe ya uchafu, maana huisuuza mara tatu. Daktari aliweka kalamu chini.

Hakumkaripia. Alimweleza kwamba shingoni kuna tezi yenye umbo la kipepeo, na kazi yake ni kutengeneza homoni. Homoni hizo huingia kwenye damu na kuuambia mwili mzima uende kwa kasi gani: moyo, tumbo, joto, hata akili. Tezi hiyo haiwezi kuzitengeneza bila madini joto, yaani iodini, na ardhi ya milimani mvua imekwisha kuyachukua zamani, ndiyo maana huongezwa kwenye chumvi. Yakikosekana, tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere, huona kuwa damu imepungukiwa. Nayo hutuma homoni yake kuihimiza ya shingoni ifanye kazi. Ya shingoni haina cha kufanyia kazi, basi hutanuka tu, sawa na mpishi anayeletewa masufuria makubwa zaidi huku unga hakuna. Hilo ndilo rovu.

“Na mtoto tumboni, miezi ya mwanzo, tezi yake haijaanza kazi,” alisema. “Anategemea homoni za mama yake, ubongo wake ujengeke vizuri.”

“Hayo madini yako wapi kwenye chumvi?”

“Hunyunyizwa juu ya punje, mama. Ukisuuza, ndiyo ya kwanza kuondoka.”

Munira alitazama mikono yake. Aliona aibu kwanza, halafu ikaja huzuni nzito kuliko aibu.

“Basi ni mimi, daktari.”

Daktari alimjibu kwamba mimba hutoka kwa sababu nyingi, na zile mbili hawezi kuziapia. Hii ya tatu ndiyo ya kulinda. Majibu ya damu yalipotoka, Shamimu alipewa vidonge vya homoni, kimoja kila asubuhi kabla ya kula, na tarehe za kurudi kupimwa.

Gulio lililofuata, Munira alipanga chumvi isiyosuuzwa. Mzee Jabiri, mteja wake wa miaka mingi, alimwuliza ile nyeupe iko wapi, naye akamsimulia yote mbele za watu bila kujificha. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini si lazima awe mpenzi wa wateja. Wengine walisema amekuwa mvivu, wakahamia kwa jirani. Wachache walibaki. Siku hizi hukaa kivulini na ungo mapajani, anachambua mchanga kwa vidole. Kazi ya saa moja sasa humchukua siku nzima.

Shamimu alijifungua msichana. Siku ya arobaini Munira alipanda Dindira na kopo lake. Binti alilifungua, akakiona kijiwe cheusi kilichoponyoka, akakitoa kwa ukucha.

“Hii umeisuuza mara ngapi, mama?”

“Haijaona maji.”

Shamimu aliitia kwenye mchuzi. Munira alikuwa ameshampakata mjukuu, anampapasa shingo kwa kidole kimoja, taratibu, kama alivyomwona daktari akifanya. Palikuwa laini. Akapapasa tena.